The Roaring Road ya 1919: muvi haina sauti ila injini utaisikia tu

Wakuu habari zenu. Juzi umeme ulikatika toka saa nne asubuhi, na mnajua gereji bila umeme ni kijiwe tu, kompresa haijazi upepo, mashine ya kuchomelea imelala, vijana wamekaa juu ya matairi wanabishana Simba na Yanga. Mimi nilikuwa na bando la wiki linaisha usiku uleule, nikasema lisiende bure, nikaingia kutafuta muvi za zamani za magari maana hizi za siku hizi zimenichosha, gari inaruka toka ghorofa mpaka ghorofa inatua chini shokapu haijavunjika wala rejeta haivuji hata tone, halafu sisi tunaletewa Vitz imepita tuta moja tu la Mbagala tayari bush zote zimekufa. Ndo nikakutana na hii The Roaring Road. Ya mwaka 1919. Bubu, hakuna rangi, hakuna mtu anayeongea. Nikasema nitaangalia dakika kumi nilale. Nikaimaliza yote, ni kama saa moja tu, na kesho yake nikarudia pale katikati mara tatu, ndo maana naandika hapa.

Stori yenyewe ni nyepesi. Steringi anaitwa Toodles, jina lake la kwenye vyeti ni Walter Thomas Walden ila nani atamwita hivyo, ni kijana wa mauzo kwenye kampuni ya magari inaitwa Darco (kampuni ya kubuni hiyo, msiende kutafuta spea zake Gerezani). Kwa huku kwetu ungesema ni kijana wa yadi, anajua kuongea, amevaa vizuri, na roho yake yote iko kwenye spidi. Anataka vitu viwili, apewe gari la kampuni aendeshe kwenye mashindano, na apewe Dorothy, binti wa bosi, amwoe. Bosi ni mzee J.D. Ward, wenyewe wanamwita Dubu, na Dubu kakataa vyote viwili kwa pigo moja. Gari sikupi, wewe kazi yako ni kuuza. Binti subiri kwanza, mna haraka ya nini.

Sasa hapo ndo muvi inaanza kunoga. Kampuni ina magari matatu ya mashindano yanapelekwa kwa treni mpaka Santa Monica, California, kwenye mbio kubwa zilizokuwa zinaitwa Grand Prize. Treni inapata ajali njiani. Magari yote matatu yanageuka skrepa. Dubu kaishiwa nguvu, mashindano ndo hayo yanafika, hana gari hata moja la kuingiza. Toodles anaenda kwenye yale mabaki, anachambua kipi kizima kipi kimekufa, anaunga gari moja kutoka kwenye matatu, anapanda mwenyewe, anaingia barabarani.

Nilipofika hapo nikasimamisha nikawaita vijana wote waje, nikaanza upya.

Maana hii kitu ndo kazi yetu jamani. Injini ya ile iliyogongwa nyuma, difu ya ile iliyogongwa mbele, usukani wa ile iliyobiringika, mwisho wa siku unapata gari. Fundi wangu mmoja akasema haiwezekani, huo ni uongo wa muvi, tukabishana karibu nusu saa na simu inazidi kuisha chaji. Mimi nilisimama upande wa Toodles na bado nimesimama hapo. Kwanza magari yote matatu ni aina moja, toka kiwanda kimoja, kwa hiyo kila nati itaingia kwenye bolti yake, huna haja ya kwenda kuchonga kitu. Pili gari za mbio za mwaka ule zilikuwa wazi kabisa, chesisi ni ngazi ya chuma, juu umefungwa injini, tangi, viti viwili na bati jembamba la kuzibia upepo. Hakuna kontroli boksi, hakuna sensa, hakuna waya elfu moja, moto wa plagi unatoka kwenye magneto inayozungushwa na injini yenyewe, betri ya nini. Gia na breki ya mkono, nyenzo zake ziko nje ya bodi kabisa. Ukipata chesisi moja ambayo haijapinda, kazi iliyobaki ni spana na usiku mmoja au mbili za kukesha. Tatizo langu ni hapo kwenye chesisi tu. Treni imepinduka, magari yamevurugika, halafu chesisi ikanyooka yenyewe? Hapo ndo dogo alinishinda kidogo, ila sikumkubalia mbele za watu.

Muvi kwangu ilitakiwa ikae hapo zaidi. Ningepewa dakika kumi nyingine za mikono yenye grisi, jamaa anapima, anakosea, anafungua anarudia, ningefurahi kuliko mabusu yote ya mwisho. Lakini ndo hivyo, waliotengeneza walijua mtazamaji kalipa aone magari yakikimbia, na kwenye kukimbia hawajatudanganya.

Mbio unazoziona ni barabara za kweli za mji wa Santa Monica, na watu pembeni ni watu wa kweli. Ule mji ulikuwa na mashindano yake ya barabarani toka 1909 mpaka 1919, mzunguko mmoja ulikuwa maili nane na kitu, unapita Ocean Avenue kando ya bahari, unakata Wilshire, unarudi na San Vicente. Mbio za Grand Prize ya Marekani zilikimbiwa hapo 1914 na tena 1916. Mwaka 1919 ndo ulikuwa wa mwisho, kwa hiyo hii muvi imetoka mwaka uleule ambao ile michezo inakufa, na ukiangalia utaelewa kwa nini ilikufa. Watu wamesimama kwenye kona, hakuna ukuta wa maana, gari inapita umbali ambao ungeweza kunyoosha mkono ukaigusa. Mwaka 1916 hapohapo dereva alichomoka barabarani akafa yeye na watu waliokuwa pembeni wamekuja kuangalia tu. Ukishalijua hilo ile mikao ya watu kwenye muvi inakutia baridi, unataka kuwapigia kelele wasogee. Mimi nilikumbuka utotoni tulivyokuwa tunakaa juu ya vichuguu tukisubiri magari ya Safari Rally yapite, ile iliyoanza 1953, vumbi linaingia mpaka kooni na mama anakuita rudi nyuma wewe mtoto.

Kitu kingine ambacho vijana hawakukielewa mpaka nikawaelewesha: mbona kwenye kila gari wako wawili? Yule wa pembeni ni fundi. Enzi hizo gari la mbio lilikuwa linatembea na utingo wake, na utingo hakai pale kupiga mluzi. Anapampu presha ya mafuta kwa mkono, anaangalia tairi limeanza kuchanika au bado, anageuka nyuma kuona nani anakuja, anampiga dereva begani kwamba sogea kuna mtu anataka kupita, maana injini inapiga kelele hamuwezi kuongea. Gari ikigoma katikati ya njia yeye ndo anaruka chini. Mkanda hakuna, helmeti ya chuma hakuna, kichwani kofia tu ya ngozi au kitambaa na miwani ya vumbi, na breki za gari nyingi za wakati ule zilikuwa miguu ya nyuma tu. Miguu ya nyuma tu wakuu! Halafu tairi ni jembamba kama la pikipiki. Gari ikipinda kona unaiona inaburuza mkia, na hiyo hawakuifanya ili ionekane nzuri, ndo uwezo wake wenyewe.

Basi Toodles anashinda. Hata sioni kama nimewaharibia, steringi ataacha kushinda halafu muvi iendelee na nani.

Baada ya ushindi ndo nilipoanza kuchoka kidogo. Ukidhani Dubu atalainika, wapi, wanagombana tena, jamaa anaacha kazi, na kabla hujakaa sawa kakamatwa na polisi kwa mwendo kasi anawekwa ndani. Hiyo sehemu vijana walicheka kuliko zote, bingwa wa mbio kapigwa tochi kama dereva wa daladala. Sasa Dubu naye ana lake kichwani, anataka gari la Darco livunje rekodi ya kutoka Los Angeles kwenda San Francisco, zaidi ya kilomita 600 za barabara ya mwaka 1919, na anajua dereva wa kazi hiyo ni mmoja tu na huyo dereva hamtaki hata kumwona. Anafanyaje? Anamchukua binti yake anapanda naye treni kwenda San Francisco, akijua fika kwamba yule kijana akisikia mchumba anaondoka naye atawasha gari amfuate. Na anamfuata kweli. Kwa hiyo mtoto wa watu anakimbiza treni akidhani anakimbilia mapenzi, kumbe yuko kazini.

Mimi nilikasirika kidogo hapo. Rekodi ya kampuni imepatikana, tangazo limepatikana, posho ya safari hakuna, mafuta sijui nani kalipa. Mabosi wa 1919 na wa leo wamefinyangwa na udongo mmoja.

Lakini nikubali tu, huyo bosi ndo kabeba muvi. Aliyemcheza ni Theodore Roberts, mzee mmoja ana biri nene mdomoni, na kwenye muvi ambayo hakuna sauti ile biri ndo inaongea. Akikasirika inasimama, akiwaza inahamia upande wa pili, akijua ameshinda inatulia. Kuna waigizaji wetu wanapiga kelele saa mbili nzima mpaka majirani wanakuja, hawajafikia hata nusu ya ile biri. Huyu mzee baadaye, 1923, ndo alicheza Nabii Musa kwenye The Ten Commandments, na mimi nilivyojua nikaona ndiyo, sura ya kugawa bahari anayo.

Dorothy kachezwa na Ann Little. Huyu dada alizoea muvi za kauboi, farasi anapanda, lakini humu wamemkalisha awe wa kuangalia saa na kushika leso. Ni hasara kubwa. Kama wangempa hata usukani wa dakika tano, au wampandishe kama utingo kwenye ile safari ya mwisho, muvi ingekuwa nyingine kabisa. Mapenzi yao hayana uzito wowote, wanapendana kwa sababu maandishi yamesema wanapendana.

Na steringi mwenyewe ni Wallace Reid. Hapa nikae kidogo. Wakati huo alikuwa moja ya sura kubwa kabisa za Paramount, mrefu, anacheka vizuri, na magari alikuwa anayapenda hata nje ya kamera. Baada ya hii wakamfanya kuwa jamaa wa muvi za magari, mwaka uliofuata akatoa Excuse My Dust ambayo ni mwendelezo wa hii hii, akatoa Double Speed, akatoa What's Your Hurry?, na 1921 akaja na Too Much Speed. Ukisoma hayo majina tu unajua walikuwa wanauza nini. Stori nyingi za hizi muvi zilitoka kwa mwandishi mmoja, Byron Morgan, aliyekuwa anaandika hadithi fupi za magari, na hii ya kwanza mwongozaji wake ni James Cruze, yule aliyekuja kuvuma 1923 na The Covered Wagon.

Sasa sikilizeni. Kwenye hii muvi mambo yanageuka kwa sababu ya ajali ya treni. Mwaka uleule 1919 Reid mwenyewe alipata ajali ya treni ya kweli, walikuwa safarini kwenda kupiga picha za muvi nyingine, The Valley of the Giants. Akaumia vibaya. Badala ya kupumzishwa akapewa mofini ili maumivu yatulie kazi iendelee, na kazi ikaendelea kweli, muvi juu ya muvi, mpaka ile dawa ikamshika hawezi tena kuiacha. Amefariki Januari 18, 1923, akiwa na miaka 31. Mke wake Dorothy Davenport (na yeye Dorothy, ona mambo) mwaka huohuo akatoa muvi ya kuonya watu kuhusu dawa za kulevya, Human Wreckage.

Niliyajua haya baada ya kuangalia mara ya kwanza, na niliporudia mara ya pili sikuweza kuangalia ile sehemu ya mabaki ya treni kwa jicho lilelile. Jamaa anainama kwenye vyuma vilivyopinda anacheka, anachagua kipi kinafaa. Kile kicheko kimenikaa. Wenye kampuni waliona injini bado inawaka wakasema endelea kuitembeza, na kila fundi anajua gari inayotembezwa hivyo inaishia wapi.

Haya, tuje kwenye mambo ya kuangalia yenyewe, maana wengi mtaikimbia kwa sababu ya hili. Muvi ni ya bure, haki zake zimeshakwisha huko Marekani kwa umri, kwa hiyo huibi mtu. Ila nakala ziko nyingi mtandaoni na hazifanani. Niliyoanza nayo mimi picha ilikuwa kama imeoshwa na Jiki, nyuso zote nyeupe pee, na mwenye kuiweka kaibandikia muziki wa kinanda ambao haujali kinachoendelea, watu wanakimbizana yeye anapiga wa kulalia mtoto, treni inapinduka yeye bado kalala. Nikaitupa nikatafuta nyingine, iko afadhali. Ushauri wangu zima sauti kabisa. Sisi tuliwasha jenereta ya jirani kidogo tuchaji simu, na ile ngurumo ya jenereta ikawa ndo sauti ya muvi, ilikaa kuliko kinanda.

Kingine ni mwendo wa picha. Kamera za wakati ule nyingi zilikuwa zinazungushwa kwa mkono, na kasi yake ilikuwa ndogo kuliko ya leo, sasa mtu akiichukua akaipitisha kwa mwendo wa muvi za kisasa unakuta watu wanatembea kama kuku waliomwagiwa maji. Halafu unasema watu wa zamani walikuwa vichekesho. Hawakuwa vichekesho, wewe ndo umewaharakisha. Kama unaangalia mahali pana sehemu ya kupunguza spidi, ipunguze kidogo uone tofauti, gari zinakuwa nzito na hatari zaidi. Kwa muvi ya spidi inashangaza ila ndo hivyo, ukiipunguza inatisha zaidi.

Na maandishi. Yanakuja katikati ya picha, Kiingereza cha zamani chenye misemo ya mtaani ya enzi zile, na yanaondoka kabla hujamaliza. Vijana wangu wawili Kiingereza kinawapiga chenga, kwa hiyo ikabidi mimi niwe Lufufu wa gereji, yule mtafsiri wa muvi. Mnakumbuka kibanda umiza? Kaseti ya Kichina, mtu na maiki anakuelezea kila kitu mpaka ambacho hakipo? Nikaanza taratibu, nasoma maandishi natafsiri, baadaye nikachangamka nikawa naongeza vyangu, Dubu akawa anaongea Kisukuma, yule polisi anaomba hela ya soda. Na niwaambie, hii muvi imetengenezwa kwa ajili hiyo. Haina sauti yake, inakuachia nafasi uweke ya kwako. Enzi zao ukumbini kulikuwa na mtu wa kinanda au bendi kabisa inapiga hapohapo, haikuwahi kuangaliwa kimya. DJ Afro, yule msimuliaji wa muvi wa Kenya, akiipata hii naapa itapendwa kuliko nusu ya muvi zinazotoka mwaka huu.

Nikipiga hesabu zangu naipa 7 kwa 10. Mbio na yale mabaki ya treni peke yake ni 9, biri ya Dubu ni 9, mapenzi ni 3, na nusu ya pili inapoteza mwendo mpaka ile safari ya mwisho inapoanza. Ukiwa mtu wa magari usiikose. Ukiwa mtu wa mapenzi utalala.

Sasa tukiwa tunamalizia, gari inakimbizana na treni, mimi maiki yangu ni spana ya 17, akaingia mzee mmoja mteja wetu wa siku nyingi kufuata Noah yake. Nikamwambia shikamoo mzee, umeme hamna, kile kipande bado hakijachomelewa. Akasema marahaba, mnaangalia nini. Akavuta ndoo akakaa. Ikabidi nimrudishie stori yote toka mwanzo kwa kifupi, bosi, binti, magari matatu, mashindano, rekodi. Akawa anaitikia tu kwa kichwa. Mpaka Toodles kafika San Francisco, Dubu kalegea, binti kakabidhiwa, mzee akauliza, kwa hiyo huyo kijana kashampa baba mkwe kombe la mashindano, na rekodi ya barabara juu? Nikamwambia ndiyo mzee. Akasema basi mahari imekamilika, waache waondoke. Akainuka akajipangusa suruali, akaniuliza na Noah yangu je, na mimi nasubiri miaka?